Pale Pepo Inapolala

Nilimwahidi mama mwenye parsele, ule ua niliopanga, kwamba hakuna kitu kitakachotoka katika nyumba ya chatu. Nilitoa ahadi hiyo nikiwa nimesimama mlangoni pake, naye ameketi kwenye kiti kifupi akichambua maharage katika sinia. Niliirudia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuinua macho.

"Hata mukia?" aliuliza.

"Hata mkia, mama."

"Juu siku nitaona mukia yake kwa hii parsele, sitakuita wewe. Nitaita vijana ya avenyu na mapanga yao. Halafu utapakia kitanda yako kwa chukudu ya mbao, usukume, uende."

"Nimekubali, mama."

"Umekubali mbio sana," alisema, akarudi kwenye maharage yake.

Masharti yalikuwa wazi kama mlango uliofungwa. Chatu akionekana nje, atakatwa vipande, asipoonekana, ataishi. Nilitia ahadi ile moyoni kwa uzito wote ambao kijana wa umri wangu huyapa maneno yake mwenyewe. Katika mazungumzo yale yote hakuna hata mmoja wetu aliyetaja kitu cha kuingia.

Chatu yule nilikuwa nimemlea kwa miaka mitano. Nilimpata nikiwa mwaka wa tatu wa masomo ya biolojia, kwenye shamba la mihogo nje ya Sake, magharibi ya Goma, ambako wakulima walikuwa wamefukua shimo kwa majembe wakakuta nyoka wadogo wamejikunja pamoja. Waliwaua wote isipokuwa mmoja, wa urefu wa mkono wangu, ambaye nilimwombea kwa hotuba ndefu kuliko iliyohitajika. Mwanamke aliyekuwa ameinua jembe juu yake alilishusha, akasema: "Chukua. Lakini akikukula, usikuye kulia kwetu." Wenzake walicheka, nami nikaondoka na uhai mmoja katika mfuko wa unga.

Sikumpa jina. Niliamini, na bado naamini, kwamba kumpa jina mnyama wa porini ni kujidai kwamba ni wako. Nilijiambia kuwa nilikuwa mwangalizi wake tu, hadi siku ambayo ningeweza kumfikisha Rumangabo, kwenye makao makuu ya hifadhi ya wanyama, mikononi mwa watu wanaojua mahali pa kumwachia. Lakini miaka hii barabara ya Rumangabo si barabara ya kupita na nyoka ndani ya gunia, ukiulizwa kwenye kila kizuizi umebeba nini. Basi nilingoja. Na chatu hangoji; chatu hukua.

Nyumba yake ya kwanza ilikuwa katoni ya sabuni niliyoitoboa kwa msumari. Baadaye alihamia kantini, lile sanduku la bati ambalo wanafunzi wa bweni huwekea nguo, na nikagundua asubuhi moja kwamba bati hunyonya joto la mwili kama ruba anyonyavyo damu. Kisha nikapata kabati kuukuu, nikalilaza chali na kubadilisha milango yake kwa wavu wa chuma. Hapo ndipo nilipojifunza nguvu zake. Nyoka mkubwa hagongi mlango. Huchagua mahali pamoja na kuweka pua yake hapo, akisukuma polepole, leo na kesho na kesho kutwa, hadi msumari uchoke kabla yake. Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Majengo, katika ua wa familia nne. Msumari ulichoka saa nane mchana. Walimkuta jikoni kwa jirani, amejizungusha kwenye mbabula, jiko la makaa, ambalo lilikuwa bado na majivu ya moto, kwa sababu Goma ina baridi na yeye alikuwa akitafuta joto, si mtu. Nilisimama mlangoni mwa jiko lile na kuwahubiria watu zaidi ya thelathini kuhusu panya ambao chatu huwapunguza shambani. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha wakanipa hadi Jumamosi niwe nimehama.

Ndivyo nilivyofika magharibi ya mji, karibu na ziwa, kwenye parsele ya mama huyu. Alikuwa mtu wa Butembo, Mnande, mfanyabiashara wa maharage na viazi, ambaye hakukosa misa ya kwanza hata Jumapili moja, mvua ikinyesha au mizinga ikilia. Alikuja Goma akiwa mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwao na cha safari zake zote, kimechanganyika na Kinande na Kifaransa cha sokoni. Mimi nilizaliwa Goma, lakini Kiswahili nilichokipenda nilikisoma vitabuni, na nilikuwa na tabia ya kumsahihisha kila mtu kimoyomoyo. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu ndilo lililoua.

Nyuma ya nyumba, kwenye mteremko wa kwenda ziwani, palikuwa na shimo katika mwamba wa volkano. Kina chake kilifika kiunoni. Urefu wake hatua nne, upana hatua mbili. Upande wa chini, unaotazama ziwa, ukingo wake ulikuwa umevunjika, ukaacha pengo ambamo mtu angeweza kupitisha ndoo. Niliweka kiganja juu ya mawe yale wakati wa jioni nikakuta bado yana joto la jua. Upepo ulipita juu ya kichwa changu bila kunigusa. Nilifurahi kama mtu aliyeonyeshwa kiwanja na Mungu mwenyewe. Hapo umeme ukikatika, na hukatika kila siku, mwamba ungemtunzia chatu joto hadi alfajiri.

Mama alinikuta nikipima kwa kamba.

"Pale hapana," alisema.

"Kwa nini, mama?"

"Kuko pepo mubaya. Inalalaka pale asubui. Kuku yangu ilishuka pale, haikurudia."

Naomba msomaji aniamini kwamba sikuwa mzembe. Kila mtoto wa Goma anaijua mazuku: ile hewa nzito, isiyo na rangi wala harufu, inayopanda kutoka ardhini na kutuama mabondeni, ikiua mbuzi, mbwa, na mtu anayeinama kufunga kiatu. Mazuku niliijua tangu utotoni, na chuoni nilifundishwa muundo wake. Siku iliyotangulia, saa tisa alasiri, nilikuwa nimeshusha mshumaa ndani ya kopo hadi chini ya shimo lile, kwa sababu moto huzimika penye mazuku. Mwali uliyumba kwa upepo wa ziwa, lakini haukuzimika. Niliandika katika daftari langu: *Hakuna mazuku*. Nilipiga mstari chini ya maneno hayo. Kwa hiyo aliposema pepo, na kwamba pepo hiyo hulala mahali, nilisikia alichosema kwa Kiswahili changu cha vitabuni. Nilisikia shetani.

"Mama," nilimwambia kwa upole ambao leo unanitia haya, "shimo haliwezi kuwa makao ya mashetani. Kuku wako alichukuliwa na mwewe."

"Shetani ya nini tena?" alisema. Wakati huo mteja akamwita kutoka barabarani, kwa sauti ya mtu mwenye haraka, naye akaenda. Nilidhani ameona aibu.

Fundi wa mbao aliishi parsele ya pili. Alikuwa baba wa makamo kutoka milima ya Masisi, ambako alikuwa akijenga vibanda vya ndama kabla vita havijamleta mjini, na sasa alijenga nyumba za mbao kama zile ambazo nusu ya Goma inalala ndani yake. Alikuja akamtazama chatu kupitia wavu wa kabati, akasimama mbali na kuvua kofia.

"Mimi niko na watoto saba kwa chumba mbili," alisema. "Na huyu peke yake anajengewa villa."

"Unaogopa, papa fundi?"

"Siogopi. Naheshimia. Hata avoka, mutu wa sheria, namusalimiaka kwa mbali."

Alijenga kwa ustadi. Juu ya ukingo wa shimo alisimamisha kuta za mbao zilizofika kifuani. Upande mmoja wa paa akaweka mabati, upande mwingine wavu mzito wa chuma wa kupitisha jua. Mlango aliuweka chini kabisa, mfupi, kama mlango wa kibanda cha ndama, hata mtu alazimike kulala kifudifudi ili apitishe kichwa na mabega. Nilipolalamika alinieleza kwamba mlango mfupi humfanya mwizi afikiri, na nyoka naye atoke pole pole, "na wewe upate dakika ya kukimbia." Ndani, karibu na wavu wa juu, tulifunga rafu ya ubao mnene ili chatu apande kuota jua. Ilikuwa nyumba nzuri. Sijapata kuona nzuri kuliko ile kwa mnyama wa aina yake.

Tulibishana juu ya jambo moja tu. Kila mjengaji wa nyumba za mbao kwetu huacha upenyo wa kidole kati ya ubao wa chini na jiwe, na fundi huyu aliuacha pia, pande zote nne. Na lile pengo la upande wa ziwa alikuwa ameliziba kwa fito tatu tu, zilizoachana.

"Ziba," nilimwambia.

"Mbao inapaswa kupumua."

"Papa fundi, nimeahidi hata mkia hautoki."

"Mukia yake haipite mule. Ona." Akaingiza kidole gumba, kikakwama. "Nyumba yenye haipumuake inaozaka. Hii haiko sayansi yako, ni ya mbao."

Nilimweleza jinsi chatu anavyosukuma, siku hadi siku, mahali palipo dhaifu. Nilimweleza habari za Majengo. Alisikiliza huku akichagua misumari mdomoni, kisha akainua mabega kwa namna ya mtu anayejenga nyumba isiyo yake. Nyufa za chini tuliziba kwa saruji. Kwenye pengo tulijenga ukuta wa mawe ya volkano, mnene na laini, nami nikapiga lipu kwa mikono yangu hadi usiku ulipokaribia kuingia. Tulipomaliza, shimo lile lilikuwa beseni lisilovuja.

Mama alikuja kukagua. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akavuta kadena, ile kufuli ya mlango, mara tatu.

"Hapa kweli hatatoka," alisema. Kisha akaongeza: "Lakini wewe, asubui, usishuke."

"Asubuhi niko shuleni, mama."

Ilikuwa kweli. Nafundisha biolojia katika shule ya sekondari, na saa kumi na mbili na nusu nilikuwa tayari njiani. Nilishuka kusafisha saa za alasiri, wakati ziwa linapovuma na nguo za mama zinapopigapiga kwenye kamba. Kwa hiyo mimi nilikutana na shimo lile likiwa katika hali yake ya urafiki tu, na nikadhani ndiyo hali yake yote.

Ishara ya kwanza ilikuwa simbilisi. Nilikuwa nikimlisha chatu wanyama hao, wadogo kama sungura wachanga, ambao watu wengi wa kwetu huwafuga chini ya kitanda. Nilimwacha mmoja hai ndani wakati jua linatua. Asubuhi nilichungulia kupitia wavu nikamwona amelala chini, ubavu, miguu imekunjwa vizuri, kama aliyesinzia. Hakuwa na jeraha. Hakuwa amebanwa. Chatu alikuwa juu kwenye rafu, kichwa kimeinuliwa, wala hakuwa amemgusa. Niliandika: *Amekufa kwa hofu*. Wa pili alikufa hivyo hivyo. Nilianza kuwaleta wakiwa wamekwisha kuchinjwa, na swali likafungwa.

Kisha mijusi. Mijusi wa Goma hupenda mawe ya volkano, na kuta zetu zote zina mijusi wanaopiga vichwa chini na juu kana kwamba wanatukubalia kila tunalosema. Ndani ya nyumba ya chatu niliwaokota wamekufa, wawili, watatu, wakavu, daima chini, kamwe si ukutani. Niliwafagia. Ninakumbuka nikifikiri kwamba ni jambo jema nyumba kuwa na mazoea yake.

Jambo lililonisumbua kweli lilikuwa tofauti. Kila asubuhi kabla ya shule nilimkuta chatu amebandika pua kwenye wavu wa juu. Mwili wote ulikuwa umejikusanya kwenye rafu, mzito, na shingo imesimama wima hadi chuma. Alikuwa akisukuma. Magamba ya pua yalianza kuchubuka, kisha yakatoka damu. Alasiri alishuka chini na kulala juu ya mawe ya moto kwa amani, na kesho yake asubuhi alikuwa tena juu, akisukuma.

Niliijua tabia ile. Niliwahi kuiona Majengo, na nikayaona akilini mapanga ya vijana wa avenyu, mtaa wetu. Basi nilifanya ambacho mtu mwaminifu hufanya: niliongeza uaminifu. Niliweka mawe juu ya kingo za wavu. Kwa kuwa hakuacha, niliona kwamba kinachompa nguvu ni rafu, maana nyoka hawezi kusukuma asipokuwa na mahali pa kukanyagia mwili wake, nikaing'oa rafu. Alasiri ile alinitazama nikitoka nayo, ulimi ukiingia na kutoka. Sitaki kumpa nyoka mawazo ya binadamu. Nasema tu kwamba alinitazama.

Fundi aliniona nimebeba ubao ule.

"Umemunyanganya étage, gorofa yake?"

"Alikuwa akisukuma wavu."

"Labda anataka kuona voisin, jirani yake." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Lisansie," aliniita kwa shahada yangu, "ule nyoka, tangu umuweke mule, ulishamuona chini asubui?"

Nilimjibu kwamba sikumbuki. Nilikumbuka vizuri sana. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na saa nne asubuhi nilikuwa nimewaandikia wanafunzi wangu ubaoni, kwa mwandiko mzuri: *Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hujaza mahali pa chini kama maji yajazavyo bakuli.* Chaki ilikuwa bado kwenye kucha zangu nilipokuwa nang'oa rafu.

Ijumaa mvua zilianza. Ili chatu asilowe, nilitandika bashi, turubai la plastiki, juu ya wavu wote, nikalikaza kwa kamba kwenye misumari. Sasa hapakuwa na upenyo hata mmoja. Niliizunguka nyumba ile nikipapasa kwa viganja, na nikasikia, lazima niseme, fahari.

Jumapili kulikucha bila upepo. Mvua ilikuwa imekatika, ukungu umekaa juu ya ziwa, na moshi wa majiko ulikuwa ukitoka nje ya nyumba na kubaki pale pale mlangoni, kama mgeni asiyejua njia. Mama alikuwa ameenda misa ya kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza mimi kuwa nyumbani kwa utulivu asubuhi tangu tulipojenga, kwa kuwa Jumapili nyingine zote nilikuwa nimezitumia kwa masomo ya ziada ya wanafunzi. Nilienda kumtazama chatu. Chini ya bashi palikuwa giza. Nilifungua kadena, nikalala kifudifudi na kupitisha kichwa.

Alikuwa amenyooka. Nilimwona vizuri macho yalipozoea: alikuwa amelala chini ya ukuta wa upande wa ziwa, mwili umenyooka kama kamba iliyoachwa. Nyoka aliye hai hujikunja. Nilijivuta mbele, mabega yakapita, nikaning'iniza kichwa na mkono shimoni ili nimguse.

Kitu kichachu kilinipanda puani, kama soda mtu anapocheka akiwa anakunywa. Uso ulipata joto. Nilifikiri, na nakumbuka sentensi yenyewe: *Nani amemwaga soda humu?* Halafu hapakuwa na sentensi nyingine.

Nilipozinduka nilikuwa chali juu ya changarawe, mbingu nyeupe juu yangu, na mama ameketi juu ya miguu yangu na kitenge chake cha misa. Kidevu changu kilikuwa kinavuja damu. Alikuwa amenivuta kwa vifundo vya miguu, juu ya mawe. Mlango mfupi wa fundi ulikuwa umeniachia miguu nje, na mama alikuwa amerudi kutoka kanisani na kwenda kukagua kadena, kama alivyofanya kila siku tangu nimpe ahadi yangu.

"Pumua," alisema. "Usiongee. Pumua."

Nilipumua. Kisha nilijaribu kuinuka, nikimtaja chatu.

"Kaa chini."

"Mama, labda bado—"

"Kaa. Utaenda wakati pepo itaamuka." Aliona sielewi. "Nilikuambia. Nilikuambia pale kuko pepo mubaya."

"Nilifikiri unasema shetani, mama."

Alishika mkono wangu, akaugeuza, akapuliza juu ya ngozi, taratibu, pumzi ndefu.

"Hii," alisema. "Pepo. Yenye inatikisaka nguo kwa kamba. Sasa nisemeje? Butembo hatuna hii kitu. Sijue nyinyi munaiita namna gani."

"Mazuku," nilisema.

"Basi ni ile. Nimekuta asubui kandili yangu inazima pale, mwaka nilifika. Mangaribi inawaka. Nikasema: pepo inalala."

Alikuwa ameifanya kazi ambayo mimi sikuifanya. Alikuwa amepima asubuhi na magharibi.

Tuliketi pale tukingoja, nikiwa nimezuiwa na uzito wake kama mtoto. Kengele za misa ya pili zililia. Mama alimwita fundi, naye akaja na nyundo kubwa. Alianza kuvunja ukuta wa upande wa ziwa kwa nje, akiwa amesimama wima na kuugeuza uso pembeni. Jiwe la kwanza lilipotoka, mama aliwasha mshumaa, akaufunga kwenye mti mrefu na kuusogeza karibu na tundu. Mwali haukuyumba. Ulizimika tu, kama macho yanavyofumbwa. Aliuwasha tena, na tena ukazimika. Hewa ile ilikuwa ikitoka kwenye beseni letu na kuteremka ziwani, bila sauti, bila rangi, na sisi watatu tukiitazama kwa njia ya mshumaa.

Upepo ulikuja karibu na saa nne. Bashi lilianza kupigapiga. Tulipotoa paa tulimvuta chatu nje na kumlaza juani, na nilikaa naye hadi mchana, nikimwekea kiganja, kwa kuwa nyoka hufa taratibu na niliomba awe bado yuko njiani. Alikuwa amekwisha kufika. Kinywa kilikuwa wazi. Fundi aligeuza wavu na kunionyesha: kwenye chuma, juu kabisa, mahali pamoja, palikuwa na magamba yaliyogandamana na damu kavu. Hakuwa akisukuma ili atoke. Alikuwa akitafuta hewa, na nilikuwa nimemnyang'anya hewa hiyo kila asubuhi, shubiri kwa shubiri, kwa jina la neno langu.

Katika Goma kupata udongo wa kumzika kiumbe wa urefu ule si jambo dogo. Chini yetu ni jiwe. Mama alitupa mstari mmoja wa bustani yake ya maharage. Tulichimba, mimi na fundi, na yeye alisimama kando akiwa ameshika mti wenye mshumaa, kana kwamba hakuamini ardhi ile pia. Tulipomaliza nilingoja aniambie nihame.

"Hakutoka," alisema. "Ulishika neno yako."

Hakuwa akinikejeli. Alikuwa akinitendea haki, na sijawahi kusikia neno zito kuliko hilo.

Sikuhama. Nyumba ya chatu tuliibomoa, na mbao zake fundi alizitumia kujenga jiko la mama, akiacha upenyo wa kidole chini ya ubao, pande zote nne. Tumeweka fito kuzunguka shimo, na kitambaa chekundu cha onyo. Nimejiuliza mara nyingi kama nilimpenda mnyama yule au nilipenda kuwa mtu anayemwokoa, na sijapata jibu ninaloweza kuliandika kwa uaminifu. Nimeacha kusahihisha Kiswahili cha watu. Daftari langu nimelihifadhi, pamoja na ule mstari niliopiga chini ya maneno mawili.

Nina ombi moja. Kama unaishi kwetu, au unakuja kuishi, na unataka kujenga chochote mahali pa chini, iwe banda la kuku, choo, chumba cha mtoto au nyumba ya nyoka, muulize kwanza anayekaa pale, na asemapo neno usilolielewa, mwombe akuonyeshe kwa mkono. Kisha chukua mti mrefu, funga mshumaa, uushushe pale alfajiri, kabla upepo haujaamka. Simama wima. Usiiname.